Mafunjo na Mkataji Wake

Shika bua bichi la mafunjo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, ulizungushe. Litagoma mara tatu kabla ya kutimiza mzunguko, maana lina pembe tatu. Lipapase toka chini hadi juu: hakuna pingili. Kutoka majini hadi kwenye kishungi chake cha nyuzi za kijani, mita nne na wakati mwingine tano, ni bua moja tu, nyororo kwa nje, limejaa nyama nyeupe nyepesi kwa ndani. Muhindi una pingili, muwa una pingili, hata ukoka wa uwanjani unazo. Mafunjo hayana, kwa sababu si nyasi, ijapokuwa wapita njia huyaita hivyo, na Biblia yetu nayo inasema kisafina cha mtoto Musa kilikuwa cha manyasi.

Yana ukoo wao. Wanabotania wanauita Cyperaceae na wanahesabu ndani yake aina zaidi ya 5,000, kuanzia zile fupi za nchi za baridi, ambako jenasi ya Carex peke yake ina aina karibu 2,000, hadi jitu hili la Ziwa Victoria na Mto Nile. Kwetu wanaukoo wanaofahamika kwa majina ni wachache: mafunjo, ukangaga, ndago. Waliobaki tunawakanyaga bila kuwajua. Wengi wao hupenda miguu yao iwe majini au kwenye tope, na Bildadi, rafiki yake Ayubu, alilijua hilo zamani, alipouliza kama mafunjo yanaweza kumea mahali pasipo tope. Hakungoja kujibiwa, na hakuwa na haja ya kungoja.

Ndago ndiye mtundu wa ukoo, aliyetoka majini akahamia shambani. Mkulima wa mpunga wa bonde la Kilombero hahitaji kusimuliwa habari zake. Unaipiga jembe leo, baada ya siku chache imerudi ikiwa nyingi kuliko mwanzo, kwa kuwa kila tunguu ulilolitenganisha na mwenzake limepata nafasi ya kuchipua lenyewe. Mwaka 1977 Leroy Holm na wenzake walitoa kitabu kuhusu magugu mabaya kuliko yote duniani, na ndago ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza. Hata hivyo gugu hilihili lilikuwa chakula. Huko Al Khiday, katikati ya Sudan, kando ya Nile Nyeupe, watafiti walichunguza ukoga ulioganda kwenye meno ya watu waliozikwa maelfu ya miaka iliyopita, wakakuta humo mabaki ya ndago. Watu wale waliila kabla hawajaanza kulima, na wakaendelea kuila baada ya kuanza. Wa vizazi vya baadaye walikuwa na meno machache mno yaliyooza, na ripoti ya watafiti hao, iliyotoka mwaka 2014, ilitaja ndago kuwa mojawapo ya sababu zinazowezekana, kwa kuwa ina kemikali zinazozuia bakteria wa kuozesha meno.

Nenda nyuma zaidi. Mwaka 1959, katika bonde la Oldupai, Mary Leakey alipata fuvu lililokuja kuitwa Zinjanthropus, lenye magego makubwa ajabu. Wazungu wakalipachika jina la utani la mbanja kokwa, wakidhani magego yale yalikuwa ya kupasulia kokwa ngumu. Baadaye wanasayansi walipopima kaboni iliyomo kwenye meno ya jamii yake, waliona kwamba chakula chake kikubwa kilikuwa mimea ya kundi la nyasi za joto na ndugu zake mafunjo, wala si kokwa za miti. Mwaka 2014 Gabriele Macho, mtafiti wa Oxford, alitoa hoja kwamba matunguu ya ndago tamu yanatosha kueleza maisha ya kiumbe yule, na katika kuijenga hoja hiyo alitumia habari za nyani wa Amboseli wanaoyafukua na kuyala hadi leo. Mjadala unaendelea. Kwangu inatosha kujua kwamba ukoo huu na mkono wa kufukua vimezoeana tangu kabla mtu hajawa mtu.

Nimeanzia mbali hivyo kwa sababu maneno yetu ya siku hizi juu ya vinamasi yana pande mbili tu. Wa upande mmoja husema: ile ni ardhi tupu, imelala, ichimbiwe mifereji, ilimwe. Wa upande wa pili husema: ile ni hifadhi, iwekewe mipaka, mtu asiingie. Wanagombana sana magazetini na mahakamani, lakini wamekubaliana jambo moja bila kujua, kwamba mtu na mafunjo hawawezi kukaa pamoja. Katikati yao yuko mtu ambaye hakuna upande unaomwita mkutanoni. Ana panga, ana mtumbwi au hana, amesimama kwenye maji yanayomfika kiunoni, anakata. Ninavyoona mimi, kinamasi kina usalama zaidi mikononi mwake kuliko mikononi mwa yeyote kati ya hao wawili.

Chukua Misri. Karatasi ya mafunjo ilitengenezwa huko kwa muda usiopungua miaka 3,500. Nyama nyeupe ya bua inachanwa vipande vyembamba, vinapangwa sambamba, tabaka la pili linalazwa juu kwa kukingamana na la kwanza, kisha vinapigwa na kubanwa, na utomvu wa mmea wenyewe unavishikamanisha. Mwaka 2013 Pierre Tallet na timu yake walichimbua huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, karatasi zenye maandishi za kale kuliko zote zinazojulikana. Ndani yake mlikuwa na shajara ya Merer, msimamizi wa mabaharia waliosafirisha mawe ya chokaa kutoka Tura kwenda Giza kwa ajili ya piramidi ya Farao Khufu, miaka ipatayo 4,500 iliyopita. Huyu mtu aliandika mambo ya kawaida kabisa: leo tumepakia mawe, leo tumelala mahali fulani. Na mmea uliobeba maneno yake ulikuwa unatunzwa kwa makusudi katika vinamasi vya delta, kwa kuwa ulikuwa mali.

Halafu ikaja karatasi ya matambara, teknolojia ya Wachina iliyopitia kwa Waarabu. Ilipofika karne ya 11 biashara ya mafunjo ilikuwa imekufa. Vinamasi vya delta vikaendelea kukaushwa na kulimwa, na safari hii hakukuwa na mtu wa kusema hapana. Ikafika mahali mmea uliokuwa nembo ya Misri ya Kaskazini haukuonekana tena kando ya Nile ya Misri, isipokuwa kichaka kidogo kilichogunduliwa Wadi Natrun katika miaka ya 1960. Katika miaka hiyohiyo Hassan Ragab, aliyekuwa balozi, alileta miche kutoka Sudan, akaipanda Cairo, akaanza kutengeneza karatasi upya kwa ajili ya watalii. Mafunjo yaliondoka Misri yalipokosa mteja, yakarudi mteja aliporudi, hata kama mteja mwenyewe ni mtu anayetaka picha ya Tutankhamun ya kutundika sebuleni.

Huku kwetu tuliko kwenye vyanzo vya mto uleule, mafunjo hayajawahi kukosa kazi. Wapwani watanicheka, maana mikeka yao ni ya ukindu na majamvi yao ni ya miyaa, na mtu wa Pemba anaweza kuzeeka bila kuona kinamasi cha mafunjo. Lakini kuanzia Kisumu hadi Bukoba, kutoka Kampala hadi Bujumbura, mafunjo yameezeka nyumba, yamezungushia vyoo ua, yamekuwa dari, mkeka, kikapu, tenga la samaki, kamba ya kufungia mzigo, kiti cha sebuleni na kuni za mwenye shida. Ethiopia, kwenye Ziwa Tana, ni mashua, na kwa mafunjo ya Tana Thor Heyerdahl alijenga vyombo vyake viwili vya kuvukia Atlantiki. Cha kwanza, mwaka 1969, kilisambaratika njiani. Cha pili, mwaka 1970, kilifika Barbados baada ya siku 57. Waliokijenga hiki cha pili walikuwa mafundi Waaymara kutoka Ziwa Titicaca, ambao kwao hutumia totora, mmea mwingine wa ukoo huuhuu. Kwenye ziwa hilohilo Wauro wanaishi juu ya visiwa vya totora, na kisiwa kinabaki kisiwa kwa sababu kila mara wanakata totora mpya na kuilaza juu ya ile inayooza chini. Wakiacha kukata, watazama.

Sasa tuingie ndani ya kinamasi chenyewe. Ukitazama ukiwa barabarani unaona ukuta wa kijani. Ukikanyaga ndani, chini panabonyea, kwa maana mara nyingi hukanyagi ardhi. Mafunjo yana mashina manene yanayolala na kutambaa, yakafungamana na mizizi na mabua yaliyokufa hadi yakawa mkeka unene wa mita moja na zaidi, unaoelea. Maji yakipanda, mkeka unapanda, yakishuka, unashuka. Mabua yamejaa nafasi za hewa zinazopeleka oksijeni hadi kwenye mizizi iliyozama. Mmea wenyewe hutengeneza chakula chake kwa njia ya mahindi na muwa, ile inayotumia jua kali kwa ufanisi, na kwa hiyo hukua haraka kuliko mimea mingi ya porini. Kinamasi kikikatwa vizuri, kinarudi kimo chake ndani ya miezi sita hadi mwaka mmoja.

Chini ya mkeka huo ni giza, na maji yake karibu hayana oksijeni. Kwa samaki wengi hapo ni mahali pa kufa. Kamongo hajali, kwa sababu hupanda juu akavuta hewa, na kambare hufanya vivyo hivyo. Sangara hawezi. Samaki huyu, aliyeingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, aliwala furu hadi aina zinazokadiriwa kufika 200 zikatoweka, katika moja ya maangamizi makubwa kabisa ya samaki yanayojulikana. Lakini furu wadogo wanaovumilia maji mazito walikimbilia kwenye mafunjo, mahali ambapo sangara akiingia anakabwa. Lauren Chapman na wenzake walilichunguza jambo hili Uganda, kwenye Ziwa Nabugabo na vidimbwi vinavyolizunguka, wakaona kwamba ukingo wa kinamasi ulikuwa boma la waliosalia. Huko Siaya, ndani ya kinamasi cha Yala, Ziwa Kanyaboli limehifadhi ngege wa asili, yule sato wa kale aliyekuwa akijaza nyavu za babu zetu, ambaye kwenye ziwa kubwa amekwisha kuwa hadithi. Nikiulizwa mafunjo yana faida gani, hapa ndipo ninapoanzia. Mmea ulificha samaki ambao mtu kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amewatolea hukumu.

Juu ya maji kuna wenyeji wengine. Nzohe, paa wa majini mwenye kwato ndefu zilizotanuka, hutembea juu ya mkeka ule bila kuzama. Kuna ndege ambao hawaishi kwingine. Mmoja ni mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, njano utosini, naye hupatikana kwenye mafunjo ya nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria na majirani zake tu. Wataalamu wanamwita Laniarius mufumbiri. Utamsikia kabla ya kumwona, na pengine usimwone kabisa. Mafunjo ya mahali yakiisha, ndege huyo hahamii kwenye matete wala kwenye migomba. Anaisha.

Kazi nyingine ya mafunjo haina rangi na haiimbi. Kampala inamwaga maji yake machafu kwenye mfereji wa Nakivubo, yaliyosafishwa kiasi na yasiyosafishwa kabisa, nayo yanaingia kwenye kinamasi chenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo tano kabla ya kufika ghuba ya Murchison. Kwenye ghuba hiyohiyo, huko Ggaba, Kampala inavuta maji yake ya kunywa. Katikati ya choo na bomba, kwa miaka mingi, palisimama mafunjo. Frank Kansiime na Maimuna Nalubega walitumia miaka wakipima jinsi kinamasi kile kinavyokamata naitrojeni, fosforasi na vijidudu. Mwaka 1999 Lucy Emerton na wenzake walikadiria thamani ya kazi hiyo na mazao ya kinamasi kuwa kati ya dola milioni 1 na 1.75 kwa mwaka, hesabu ya kile ambacho mji ungelipa kupata huduma ileile kwa mitambo. Hesabu hiyo imenukuliwa duniani kote. Haikuzuia magimbi kupandwa hadi katikati ya kinamasi, wala nyumba na viwanda kusogea, wala mifereji kuchimbwa ili maji yapite upesi. Maji yanayopita upesi hayasafiki, na mtambo wa Ggaba ukalazimika kutumia dawa nyingi zaidi.

Hapa nakumbushwa kwamba bei peke yake hailindi kitu. Thamani ya dola milioni moja isiyo na mwenyewe hushindwa na gimbi moja lenye mwenyewe. Mlima magimbi anajua mipaka ya kipande chake na yuko tayari kukipigania. Ile huduma ya kusafisha maji haikuwa na mtu wa kuamka usiku kuilinda.

Rwanda ililipa ili kujifunza. Kinamasi cha Rugezi, kaskazini, kiko juu zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kimelalia udongo mweusi wa mimea iliyorundikana kwa maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa. Maji yake hushuka Ziwa Burera, yakaendesha mitambo ya umeme ya Ntaruka, yakaingia Ruhondo, kisha yakaendesha ya Mukungwa. Watu walizidi, ardhi ikapungua, mifereji ikachimbwa, kinamasi kikaanza kulimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Burera lilishuka, umeme ukakatika nchini, na serikali ikaingia kwenye jenereta za dizeli kwa gharama iliyofikia dola 65,000 kwa siku. Ikaamua kuwatoa wakulima na wafugaji kinamasini, maji yakarudi, na mwaka 2010 Rwanda ikapewa tuzo ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu. Nausifu uamuzi ule na nina wasiwasi nao pia. Familia zilizokuwa zikilima, zikichunga na kukata humo ndizo zilizobeba gharama ya kwanza, na taa zilizowaka tena hazikuwaka kwenye nyumba zao. Baadaye zilitafutiwa njia nyingine, ufugaji wa nyuki ukiwa mojawapo. Lakini kumtoa mlimaji na mkataji kwa amri moja ni kuchanganya watu wawili tofauti. Mmoja anahitaji kinamasi kikauke. Mwingine anahitaji kibaki na maji, kwa sababu siku kitakapokauka hatakuwa na cha kukata.

Tofauti hii imepotea mahali pengi. Huko Sudan Kusini wahandisi walitazama kinamasi kikubwa cha Sudd, ambako karibu nusu ya maji ya Nile Nyeupe huishia hewani, wakasema maji yanapotea. Mwaka 1978 ukaanza kuchimbwa mfereji wa Jonglei, kilomita 360, ili mto upite pembeni na kuwafikia wakulima wa kaskazini. Zilichimbwa karibu kilomita 240. John Garang, aliyekuja kuongoza waasi wa kusini, alikuwa ameandika tasnifu yake ya udaktari, Iowa State, mwaka 1981, juu ya eneo hilohilo la Jonglei. Vita vilipozuka mwaka 1983, jeshi lake likausimamisha mradi, na mashine kubwa ya kuchimbia ikaachwa ikila kutu. Maji yaliyosemwa yanapotea ndiyo yanayotandaza malisho ya kiangazi ya ng'ombe wa Wadinka na Wanuer. Yanapotea kwa nani? Swali hilo lilistahili kuulizwa kabla ya mashine kushushwa melini.

Sitaki kuyapamba mafunjo kupita kiasi. Yakikatika vipande, yanaelea kama visiwa na kusukumwa na upepo popote. Aprili 2020, Ziwa Victoria likiwa limejaa kupita kawaida, kisiwa kimoja cha namna hiyo kilisafiri hadi Jinja kikaziba mitambo ya Nalubaale, na Uganda nzima ikaingia gizani. Mafunjo huficha mamba na nyoka, na mbu wa pembezoni mwake hawajasikia habari za Ramsar. Anayeishi kando ya kinamasi ana sababu zake za kukichukia, na mwandishi anayekiona kwa wiki moja kisha akarudi mjini anapaswa kuzungumza kwa adabu.

Kwa adabu hiyo, nirudi kwa mkataji. Kwenye ufuo wa Dunga, nje kidogo ya Kisumu, kazi inaanza mapema kabla jua halijakaza. Mabua yanachaguliwa: machanga mno husinyaa, yaliyokomaa mno huvunjika. Yanakatwa juu ya maji, mashina yanayolala yakiachwa salama, kisha yanafungwa mafungu, yanabebwa kichwani au kwa baiskeli, yanachanwa, yanaanikwa. Mvua ikinyesha juu ya mafunjo yaliyoanikwa, yanaota madoa meusi na bei inashuka. Mkeka wa mafunjo ni bidhaa rahisi mno kwa kazi iliyomo, na hapa ndipo penye kidonda chenyewe. Msukaji akiona kwamba heka moja ya sukumawiki au nyanya inampa zaidi ya heka ya mafunjo, atang'oa, na hakuna semina itakayomzuia. Mkataji naye huharibu akibanwa na njaa. Akirudi mahali palepale kila baada ya miezi michache, mashina ya chini yanaishiwa akiba na kinamasi kinakonda. Moto wa kutafutia malisho unamaliza kilichobaki.

Hata hivyo, mtazame anavyokijua. Anajua sehemu ipi ilikatwa mwaka jana na ipi imepumzika. Anajua maji yamepanda kiasi gani kwa jinsi mkeka unavyobonyea chini ya miguu yake. Mfereji ukichimbwa kwa siri upande wa juu, yeye ndiye wa kwanza kuona mabua yakianza kuwa manjano. Kinamasi cha Yala kina hekta zipatazo 17,500. Kipande chake kilikaushwa tangu miaka ya 1960 na 1970, na kuanzia mwaka 2003 kampuni ya Kimarekani ikapewa sehemu kubwa ya kulima mpunga. Katika makaratasi ya mipango hiyo kinamasi kiliitwa ardhi ya kuendelezwa. Walioishi kwa mafunjo na samaki wa Yala walikuwa na jina jingine kwake, na hoja zao zilizosikika kwa nguvu zaidi zilihusu mambo waliyoyafanya humo kwa mikono yao.

Sheria tunazo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema serikali inashikilia ardhioevu kwa niaba ya wananchi. Tanzania, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, na tangu mwaka 2000 imeandikisha Malagarasi-Muyovozi kwenye orodha ya Ramsar, eneo la zaidi ya hekta milioni 3, lenye kinamasi cha kudumu cha mafunjo cha hekta zipatazo 200,000. Mto Malagarasi, kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika, unaacha tope lake jingi ndani ya kinamasi hicho. Sheria hizi zinataja maji, ndege, mita na faini. Mwenye panga haonekani ndani yake isipokuwa kama mkosaji.

Kwa hiyo nina ombi kwa halmashauri na kaunti zenye mafunjo, na ni ombi la kiofisi kabisa. Andikisheni wakataji na wasukaji kwa vikundi. Wapeni haki ya maandishi juu ya sehemu za kinamasi, kila kikundi na kipande chake, kwa masharti kwamba kila kipande kipumzike mwaka mmoja kati ya mkato na mkato, na kwamba anayechimba mfereji ashtakiwe na kikundi chenyewe. Shule na hospitali zinunue mikeka, vikapu na samani zao kwanza kabla ya kuagiza za plastiki. Na mtaalamu wa ardhi atakapokuja na ramani yenye kipande cheupe kilichoandikwa kwamba hakina matumizi, kabla ya kutia saini mwambieni ashuke kwenye gari, avue viatu, aende kumuuliza aliyemo ndani anakata nini, tangu lini, na anamuuzia nani.